Hema la juu ya gari: dukani hawakuuliza hata paa langu linabeba kilo ngapi!

Jamani wana Malindi, na nyinyi mnaokuja huku na mahema juu ya magari, nina hasira na leo silali bila kusema. Duka silitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Nilinunua hema la kukunja, la kufunga juu ya keria. Miezi minane nimeweka kidogo kidogo, kwa sababu nilitaka watoto wa dada yangu waijue pwani yao kwa kuilala, si kwa kusimuliwa. Kijana wa dukani akalifunga kwa dakika 20, akapiga paa kwa kiganja, akaniambia, "Tayari, mzee wangu. Hii yabeba hata magunia ya mahindi." Hakuna aliyefungua kitabu cha gari. Hakuna aliyeuliza keria ni ya uzito gani. Hema lina kilo 62. Kitabu cha gari langu, nilichokuja kukifungua mwenyewe mambo yakiwa yameshaharibika, kinasema mwisho kilo 50 gari likiwa linatembea. Na keria nayo ina uzito wake, unahesabiwa humo humo!

Tukaenda Mambrui Jumamosi, pepo za kusi zimechachamaa. Kulifungua hakuna taabu, hilo sikatai: unavua turubai la kufunikia, unavuta ngazi, nusu ya sakafu inafunguka kama kitabu, unachomeka fito za madirishani, basi. Tukalala mimi na watoto wawili. Saa nane usiku mvua ikaja. Mdogo akanitikisa: "Mjomba, godoro limerowa." Nikalibonyeza, maji yakatoka katikati ya vidole. Mshono wote wa upande wa bahari ulikuwa ukidondosha. Sasa ndiyo nimejua kwamba turubai jipya lenye pamba hurowanishwa kwanza nyumbani kwa mpira wa maji, likaachwa likauke wazi, mara mbili tatu, ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Sikuambiwa!

Lakini si maji yaliyonileta hapa.

Asubuhi tukirudi, karibu na daraja la Sabaki, nikasikia kra! juu ya kichwa. Nikaweka gari kando. Chuma cha mbele cha keria kimerudi nyuma vidole vinne. Nati mbili hazipo. Ya tatu nikaizungusha kwa mkono mtupu, haina ukaidi wowote, na bolti yake imeshakuwa nyekundu kwa kutu, wiki tatu tu tangu ifungwe. Mnamfungia mtu wa pwani bolti za chuma cha kawaida, na chumvi hii tunayoishi nayo? Nyuma yangu ilikuwa matatu imejaa abiria. Lile hema lingewashukia wao.

Nikawapigia simu. Mnajua jibu lao? "Si mlilala watu watatu juu na halikuvunjika? Basi keria ni nzima."

Hapo damu ikanichemka kweli kweli. Gari likisimama, uzito umetulia, unashuka taratibu kwenye nguzo za bodi, ndiyo maana paa linaweza kubeba watu waliolala, mara kadhaa ya kile linachoruhusiwa njiani. Gari likienda ni mambo mengine. Kila shimo linalirusha hema juu na kulibwaga, breki zinalisukuma mbele, kona inalivuta kando, upepo unaingia chini yake unataka kuling'oa. Hizo ni hesabu mbili! Muuza mahema hajui hilo, au anajua na ananyamaza ili auze? Na kwamba nati zikazwe upya baada ya kilomita chache za kwanza, hilo pia nimelijua kwa watu baki.

Nataka pesa zangu zote, si "njoo tukukazie". Na wewe uliyefungiwa hema kwa haraka haraka kama mimi, kabla hujashika njia ya Garsen au ya lango la Sala, panda juu na spana ushike nati moja moja, kisha ufungue kitabu cha gari utafute ukurasa wa uzito wa paa.

Anayemjua fundi hapa Malindi anayetengeneza keria kwa vipimo, mwenye bolti zisizoshika kutu, aniandikie hapa. Hema liko barazani tangu Jumapili, limetandazwa, na bado linanuka ukungu.