Acheni kuwacheka wazee "waliopigwa" kwenye simu, mlango tunauacha wazi sisi

Wakuu,

Kila mzee akilizwa hela kwenye simu, jibu ni lile lile: "wazee nao wanapenda vya bure". Upuuzi mtupu. Wengi wao hawakutaka cha bure. Walitii maelekezo, kama tulivyowazoesha sisi: mpe wakala simu, mtajie namba ya siri, subiri.

Tuanze na laini. Usajili wa laini kwa alama za vidole hapa Tanzania ulianza rasmi 2019, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Tukaambiwa tapeli hana tena pa kujificha. Haya, mtazameni kijana wa mwavuli, yule anayesajili laini barabarani, akimsajili bibi. Kidole kilichoshika jembe miaka 50 kimesuguka, mashine mara nyingi inakikataa kweli, na bibi analijua hilo. Kwa hiyo akiambiwa "haijasoma bibi, weka tena", anaweka. Kumbe ya kwanza ilisoma. Ya pili ni laini nyingine kwa jina lake, na inauzwa kwa mtu asiyemjua. Polisi wakiifuatilia, wanafika kwa bibi. Piga *106# kwenye simu yake, fuata menyu, angalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa (NIDA). Ukikuta ngeni, mpeleke dukani kwa mtandao husika akaikane, ifungwe. Yeye mwenyewe, maana watataka kidole chake.

Sasa huyu "huduma kwa wateja". Anapiga kwa namba ya kawaida ya tarakimu 10, wakati namba ya huduma kwa wateja ni 100. Anasema laini inafungwa leo. "Mzee usikate, weka sauti ya nje." Anamwingiza kwenye menyu ya kutuma pesa bila kuiita hivyo. "Weka namba ya usajili", hiyo ni namba ya simu ya mwenzake. "Weka namba ya uhakiki 385000", hiyo ndiyo hela yenyewe. Jina la mpokeaji likitokea: "huyo ni mkuu wetu wa kitengo." Kisha anamalizia kwa ujanja uliopita yote: "Weka namba yako ya siri, ila mimi usinitajie." Mzee anaona kabisa huyu ni mtu mwaminifu! Kiswaswadu, kile kisimu cha vibonyezo, kina maandishi madogo, miwani iko ndani, na menyu ikichelewa kujibiwa inapotea. Hata wewe ungekimbizwa hivyo ungebonyeza.

Dawa yake ni sheria moja ya nyumbani: hakuna kubonyeza chochote cha pesa wakati mtu yuko hewani. Kata, ndipo upige mwenyewe 100, au mtoto ambaye namba yake imehifadhiwa. Akipiga "Juma" kwa namba isiyotokea jina, huyo si Juma mpaka Juma apigiwe kwa namba yake ya siku zote.

Meseji ya "umepokea" nayo ina alama zake. Ya kweli huingia kwa jina la huduma, ya tapeli huingia kwa namba ya mtu. Dakika 2 baadaye anapiga analia amekosea, arudishiwe. Salio liangaliwe kwenye menyu, si kwenye meseji. Na hata kama pesa imeingia kweli, asiirudishe kwa mkono wake; aliyekosea apige kwa mtandao wake, muamala urudishwe na wao.

Wastaafu wana balaa lao: "mafao yako yana malimbikizo, tuma 80,000 tufungue faili." Tapeli anataja mpaka ofisi aliyostaafia mtu. Taarifa hizo zinavujia wapi? Mafao hayalipiwi ada ya kufungua faili, basi.

Na sisi watoto! Namba ya siri ni mwaka wa kuzaliwa wa baba, ule ule ulio kwenye kitambulisho, au imeandikwa kwenye karatasi nyuma ya betri. Badilisheni leo. Acheni hela ya wiki tu kwenye simu, ya mazao ikae benki.

Akipigwa, kimbizaneni na dakika, kwa sababu pesa inatolewa au inahamishwa laini nyingine haraka sana. Piga 100 na kumbukumbu ya muamala, saa, kiasi na namba iliyopokea, omba salio la mpokeaji lizuiwe. Usifute meseji yoyote. Namba ya tapeli itumwe kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Kisha polisi, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Hapa ndipo hasira yangu: polisi wanasema nenda kwa kampuni ya simu, kampuni wanasema leta barua ya polisi, na mzee analipa nauli mara 3 kufuata hela iliyokwisha kutolewa siku ile ile.

Wakala aliyeitoa ana daftari, na sharti la kazi yake ni kumtambua anayetoa. Mawakala mliomo humu, jibuni bila kuzunguka: ni wateja wangapi jana mliwaomba kitambulisho kabla ya kuwahesabia noti?