Kupatwa kwa mwezi Februari 2027 tukiwa Tromsø: Prestvannet, Storsteinen au Skibotn? Na kwa kifaa gani?

kaskazi69
Wakuu, usiku wa Jumamosi tarehe 20 kuamkia Jumapili 21 Februari 2027 mwezi utapita kwenye kivuli hafifu cha dunia. Kwa saa za Norway utaanza kuingia saa 4:12 usiku, kilele ni saa 6:13, na utatoka saa 8:14. Wakati wa kilele asilimia 93 hivi ya kipenyo chake itakuwa ndani ya kivuli hicho. Kile kivuli kizito cha katikati hautakigusa kabisa. Mnachagua wapi kati ya ziwa Prestvannet mjini Tromsø, mlima wa Storsteinen kwa gari la kamba, na kijiji cha Skibotn kule bara? Na mnabeba nini?

Bi_Mbalamwezi
Taa za mji zisikutishe, mwezi mpevu hauhitaji giza. Saa ya kilele utakuwa karibu kusini kabisa, nyuzi 30 hivi juu ya upeo, kwa hiyo Prestvannet panatosha, mradi miti isiwe mbele yako upande huo. Storsteinen ni mita 421. Urefu huo hauongezi kitu kwa mwezi ulio juu kiasi hicho, upepo wa kule hutikisa stendi, na mawingu ya chini yakishuka mlima ndio humezwa kwanza.

Skibotn ina faida moja, lakini kubwa: milima ya Lyngen huzuia mawingu ya baharini, hivyo anga lake huwa kavu kuliko la kisiwani Tromsø. Amua jioni kwa utabiri wa mawingu wa Yr (huduma ya hali ya hewa ya Norway), usiamue wiki moja kabla. Na heri mawingu mazito yenye mapengo kuliko utandu mwembamba uliotanda kote. Huo utandu hufifisha mwezi, nawe ukadhani ni kivuli.

shata_250
Kwa kamera, kosa linaloharibu kila kitu ni kuiacha ijipimie mwanga. Mwezi ukififia yenyewe inafidia, mwishowe picha zote zinafanana. Weka kila kitu kwa mkono: ISO (wepesi wa kihisi) 100, tundu la lenzi f/8, shata sekunde 1/250, rangi ya mwanga Kelvini 5200, faili za RAW (picha ghafi). Piga picha ya kwanza kabla ya saa 4:12, halafu moja kila dakika 15, bila kugusa namba hizo. Ile ya kwanza ndiyo kipimo chako, bila hiyo huna cha kulinganisha.

Lenzi ya mm 400 hutoa mwezi wa mm 3.6 tu kwenye kihisi. Unatosha. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, baridi huzimaliza haraka. Kabla hujarudi ndani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki kwanza ipate joto polepole, la sivyo umande utaifunika lenzi.

kaskazi69
Asante mkuu. Na teleskopu?

Bi_Mbalamwezi
Iache nyumbani. Kivuli hiki hakina ukingo, ni mteremko wa mwanga. Ukikuza mara 60 mteremko unatawanyika kwenye uwanja wote wa kuona na jicho halioni tofauti. Darubini ya mikono 7x50 au 10x50 (hukuza mara 7 au 10, lenzi za mm 50) inashinda.

shata_250
Hapo sikubaliani sana. Teleskopu ndogo kwa ukuzaji wa mara 20, na kichujio cha mwezi, inafanya kazi vizuri. Tatizo ni ukuzaji, kifaa hakina kosa.

Bi_Mbalamwezi
Kwa mara 20, sawa. Wa macho matupu avae miwani ya jua. Ndiyo, usiku! Mng'ao ndio unaoficha kivuli, ukipunguzwa ukingo uliofifia hujitokeza. Msitoke saa 4 mkaganda bure, jicho halitaona kitu mpaka kama saa 5:30. Kati ya hapo na saa 7 ndipo pa kuangalia. Mwezi unapita kusini mwa kitovu cha kivuli, kwa hiyo kwa Tromsø weusi utakuwa ukingo wa juu.

nyota_za_nairobi
Huku kwetu Nairobi kilele ni saa 8:13 usiku, mwezi ukiwa nyuzi 65 hivi upande wa magharibi-kaskazini. Weusi msiutafute juu: utakuwa kulia, ukishuka chini kidogo. Namba za shata_250 zinafaa huku pia.

shata_250
Wa simu: bonyeza mwezi kwenye kioo na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, kisha shusha mwangaza hadi madoa ya mwezi yaonekane. Ukifunga na kufungua programu ya kamera mpangilio unaweza kupotea, basi iache wazi na simu uichomeke pawabenki.