Mrejesho: kivuko cha watoto wa shule, Mbagala, Dar es Salaam
Niliuliza asasi yetu idaije kivuko cha kuvukia barabara kwa miguu mbele ya shule ya msingi. Asanteni sana, ushauri umezaa matunda.

Kwanza mjue mwenye barabara: barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za mitaa chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Barua ikienda kusiko, inalala mezani. Ambatisheni muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye mhuri wa mtendaji, hesabu ya watoto wanaovuka asubuhi, na picha. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, la sivyo hamna pa kuanzia kufuatilia.

Msikubali mistari ya rangi barabarani peke yake! Matairi na vumbi huifuta, na bodaboda hazipunguzi mwendo. Ombeni matuta pande zote mbili. Yetu yameshawekwa, vibao vya alama bado tunavidai.