Naomba ushauri: neno "on" la Kiingereza nitalitafsiri vipi bila kuandika "juu ya" kila mahali?

Mfasiri wa Umoja

Wenzangu, hamjambo. Ninaishi Umoja, hapa Nairobi, na kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitafsiri matangazo na vikaratasi vya maelezo kwa wagonjwa wa kliniki moja ya mtaani. Wiki iliyopita nilitafsiri kibao cha kuwaelekeza watu kwenye maabara iliyo ghorofa ya kwanza. Kwa kuwa Kiingereza kilisema "on the first floor", niliandika bila kusita: "Maabara iko juu ya ghorofa ya kwanza." Siku iliyofuata nilimkuta mzee mmoja mwenye mkongojo amepumzika kwenye ngazi za ghorofa ya pili, akiuliza maabara iko wapi. Alikuwa amekisoma kibao changu na kukifuata jinsi kilivyoandikwa. Nilimwomba radhi, nikamshika mkono tukashuka pamoja, lakini jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo.

Nilipopitia kazi zangu za nyuma niliona kwamba karibu kila nilipokutana na "on" niliandika "juu ya". Niliandika "meza dawa juu ya tumbo tupu", "wagonjwa walio juu ya dawa za shinikizo la damu" na hata "lala juu ya mgongo wako". Naomba mnisaidie: je, kuna kanuni ninayoweza kuifuata, au kila sentensi ina dawa yake?

Mwalimu Mstaafu, Buruburu

Dada, pole, na hongera kwa kujali msomaji wako kiasi hicho. Kosa lako lina chanzo kinachoeleweka. Shuleni tulifundishwa kwa mfano wa kitabu na meza, tukaambiwa "on" ni "juu ya", na wengi wetu hatukurudi tena kuliangalia neno hilo.

Msingi wa "on" si kimo. Msingi wake ni kugusana: kitu kimegusa uso wa kitu kingine na mara nyingi kimeshikiliwa nacho. Ndiyo maana Mwingereza hutumia neno hilohilo kwa picha iliyotundikwa ukutani, kwa pete iliyo kidoleni na kwa nzi aliyetua darini. Huyo nzi, ukipima, yuko chini ya dari, lakini bado ni "on". Kitu kikiwa juu bila kugusa, Kiingereza hugeukia "over" au "above". Kiswahili hakitenganishi hayo mawili katika "juu ya", kwa hiyo ndege akipita angani tunasema amepita juu ya nyumba, na paka akilala kwenye mabati tunaweza pia kusema yuko juu ya nyumba. Mzee wako alikuwa na haki kabisa ya kuelewa kwamba maabara iko kupita ghorofa ya kwanza.

Njia ya kawaida ya kuionyesha "on" katika Kiswahili ni kiambishi cha mahali, -ni: mezani, ukutani, kidoleni, darini, kisiwani. Kiambishi hicho hakitaji juu wala ndani. Kinataja mahali, na akili ya msomaji hukamilisha. Angalia kwamba ndege aliyetua mtini kwa Kiingereza yuko "in the tree", ilhali embe lililo mtini liko "on the tree". Sisi tunasema mtini kwa vyote viwili na hakuna anayepotea.

Nomino ikifuatwa na sifa, kiambishi hicho hakikai vizuri. Hatusemi "mezani kubwa ya mbao", tunasema "kwenye meza kubwa ya mbao". Majina ya mahali nayo hayakipokei, kwa hiyo utaandika "duka liko katika Barabara ya Moi".

Mzaliwa wa Mwambao, South B

Naunga mkono aliyoyasema Mwalimu, ila kwa maoni yangu sehemu kubwa ya jibu haiko kwenye nomino. Iko kwenye kitenzi. Mzungumzaji aliyekulia katika lugha hii hana haja ya kutafuta neno la kusimama badala ya "on", kwa sababu kitenzi kimeshalimeza. Mtu hukalia kiti, hukanyaga zulia, huegemea ukuta, hupanda matatu, huvaa koti, huwasha taa, hutegemea wazazi na humwagia mche maji. Katika Kiingereza, vitenzi hivyo vyote huweza kudai "on" au ndugu yake mmoja. Taa "are on" kwao, kwetu zinawaka.

Sasa turudi kwenye kliniki. Wagonjwa hawako juu ya dawa, wanatumia dawa. Daktari aliye kazini ni daktari wa zamu. Mgonjwa akifika aende mapokezi, na hapo "on arrival" yote imekwisha ndani ya "akifika". Kuhusu kulala, Kiswahili kina maneno yake ambayo ningesikitika kuona yakisahaulika katika mji huu: mtu hulala chali, hulala kifudifudi, au hulala ubavu. Muuguzi akimwambia nyanya yangu alale juu ya mgongo wake, nyanya angeuliza mgongo wa nani.

Kijana wa Kayole

Shikamooni wazee wangu. Naomba kuongeza hatari moja ambayo ni ya hapa kwetu. Katika mazungumzo ya Nairobi, sisi vijana tunatumia "juu ya", na mara nyingine "juu" peke yake, kumaanisha "kwa sababu ya": nilichelewa juu ya mvua. Dada akiandika "usinywe maziwa juu ya dawa hii", mtu wa mtaani kwangu ataelewa kwamba dawa ndiyo sababu ya kukatazwa maziwa, huenda hata milele, wala hatafikiri kwamba anakatazwa kuyanywa mara tu baada ya kumeza. Nauliza pia: je, ni kosa kusema "mafunzo juu ya malaria"?

Mwalimu Mstaafu, Buruburu

Marahaba, mwanangu. Umegusa jambo zito. "Juu ya" kwa maana ya "kuhusu" si kosa. Imo vitabuni tangu zamani. Lakini katika karatasi ya hospitali, ambapo neno moja tayari lina maana ya kimo, ya sababu na ya mada, ningechagua "kuhusu" bila kufikiri mara mbili. Ipo pia maana ya nne, ya wajibu, na hiyo ningeiacha ilivyo kwa sababu ni nzuri na haina mbadala mfupi: "uamuzi wa kufanyiwa upasuaji ni juu ya mgonjwa mwenyewe."

Mfasiri wa Umoja

Ahsanteni sana, wote. Nimekaa jana usiku nikarekebisha, na leo nimebandika kibao kipya. Naomba mnipitishie macho:

"Maabara iko ghorofa ya kwanza."
"Meza dawa hii kabla ya kula chochote asubuhi."
"Wanaotumia dawa za shinikizo la damu wamwarifu daktari wa zamu."
"Kliniki ya watoto hufanyika kila Jumatatu."
"Usikalie kitanda cha mgonjwa."
"Paka dawa juu ya upele mara mbili kwa siku."

Hiyo ya mwisho nimeiacha na "juu ya" kwa kuwa dawa kweli inakaa juu ya ngozi.

Mzaliwa wa Mwambao, South B

Tano za kwanza zinasomeka vizuri. Hiyo ya sita inaeleweka, dada yangu, lakini kupaka tayari ni kugusisha, kwa hiyo "juu ya" haina kazi ya kufanya hapo. Andika "Jipake dawa penye upele mara mbili kwa siku." Ile ya pili nayo, hakikisha kwa mfamasia kwamba "asubuhi" imo katika maelezo ya asili. Ikiwa dawa hiyo humezwa pia jioni, andika "ukiwa hujala" na uliondoe neno hilo kabla kibao hakijasomwa na wengi.