Re: Harusi mbugani Colorado, watu 20 tu??

Salaam wote,
Mimi na mchumba wangu tuko Denver, tunataka tukafungie ndoa Rocky Mountain National Park mwezi wa saba, watu wachache tu, hela ya ukumbi tuweke kwenye kodi ya nyumba. Shida mama yuko Tanga. Nimemwambia harusi ni porini na watu hawafiki 30, kanyamaza kwenye simu, halafu kaniuliza taratibu, "Kwani mmefumaniwa?" Anaona ni ndoa ya mkeka hii. Aliyewahi kufanya atuelekeze jamani, kibali kinapatikanaje na mambo ya sheria.

*

Mdogo wangu hongera! Sisi tulifanya miaka miwili nyuma, pale Lily Lake, pembeni ya barabara namba 7, nilipapenda kwa sababu njia yake tambarare na mama mkwe ana goti bovu.

Kibali unaomba hifadhini kwenyewe, sisi tulilipa dola 300, na omba mapema maana tarehe za kiangazi zinaisha kama maandazi ya asubuhi. Huendi tu kusimama unapopenda, kuna sehemu maalum na kila sehemu ina idadi yake. Sisi tulipewa 20, nikashangilia, kumbe kwenye hao 20 tumo maharusi wenyewe, sheikh, mpiga picha, mpaka mtoto wa mgongoni. Hapo ndo ugomvi ulipoanza nyumbani, nakwambia kukata majina kulinichosha kuliko harusi yenyewe.

Sheria ya Colorado nyepesi mpaka unashangaa, leseni mnachukua kwa karani wa kaunti, hakuna siku za kusubiri, haidai mashahidi, na mkitaka mnajifungisha wenyewe mnasaini basi. Itumieni ndani ya siku 35, na baada ya ndoa muirudishe ndani ya siku 63, kisha ombeni nakala za muhuri mbili tatu mtazihitaji. Lakini nikaha ni nikaha, walii (baba au ndugu anayemuozesha bibi harusi) na mashahidi wawili lazima, usijaze nafasi na mashosti ukamsahau walii. (Mchele wa kurusha marufuku, walii ruhusa hehe.)

Maputo, droni, spika, vyote hapana. Vigelegele hakuna aliyetukataza, shangazi alipiga mpaka watu ng'ambo ya ziwa wakatupungia mkono.

Fanyeni saa tatu asubuhi, mchana wa Julai radi hazina adabu kule. Na wageni wanaotoka mabondeni kama Houston waje siku mbili kabla wazoee hewa, ziwa liko kama mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, sawa na kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro, kaka yangu alitembea tu toka parking akawa anahema kama kabeba gunia. Leseni tulisainia kwenye boneti ya gari, upepo unaipeperusha, shangazi kaigandamiza na kiatu chake, na huku nyuma kindi kaingia kwenye kapu la vitumbua. Kumlisha ni kosa, lakini yeye hakuomba.
Mama Wawili, Aurora

*

Nawasoma tu. Ila mimi mtu akinitumia kadi ya mchango halafu kwenye 20 simo, sitoi hata senti, tusiudhiane.
Mzee wa Minneapolis

*

Mzee wangu, ndo maana walima, yaani karamu ya harusi, tulifanya jioni ya pili yake, ukumbini Aurora, pilau watu 150, na michango ilikuwa ya pilau sio ya ziwa. Ukichanganya hivyo viwili utanuniwa mpaka unazaa.
Mama Wawili

*

Asanteni sana. Nimempigia mama nikamweleza habari ya walii na walima, kakubali, ila kasema kwenye hao 20 mmoja ni yeye, na wa pili ni bibi. Sasa kuna aliyeombea wazazi viza ya kutembea pale Dar karibuni? Miadi ya mahojiano mlisubiri muda gani?