MREJESHO: Deni la kredit kadi, riba 27%

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu deni la kredit kadi huku Texas, dola 6,200, nalipa 200 kwa mwezi afu karibu 140 yote inaliwa na riba. Basi nikapiga simu benki kama mlivyosema, dada wa huduma kwa wateja mpole kweli ila riba akagoma kushusha hata kidogo. Nikaomba kadi nyingine ya kuhamishia deni, riba 0% miezi 18, wamekata ada 3% yaani dola 186, mwanzo niliona kama naibiwa ila nikapiga hesabu, kule kwa zamani hiyo hela hata miezi miwili haifiki imeshaliwa. Sasa natoa 355 kila mwezi, nimeseti ijikate yenyewe siku ya mshahara. Mnaotaka kufata hii njia, deni likiwa bado halijahama endeleeni kulipa kadi ya zamani msije mkalimwa faini, na hiyo mpya msinunulie kitu, kwangu manunuzi hayamo kwenye ile sifuri. Na yule aliyesema niache kutuma hela nyumbani, mkuu hapo hapana, nimepunguza tu na bi mkubwa anajua.