Naomba ushauri: nataka kuanza kukimbia lakini hata dakika mbili sifikishi (niko Kisumu)

MamaWaMigosi
Habari zenu wapendwa, naomba mnisaidie ju hii maneno iko kwa roho na sijui niulize nani. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 39, kilo 91, nakaa Migosi hapa Kisumu na kazi yangu ni duka la M-Pesa, yaani naketi kwa stuli kutoka saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, nikiinuka ni kuitisha chai ama kwenda choo basi. Mwezi jana kichwa ilinisumbua nikaenda kliniki, kupimwa presha ikatoka 148 kwa 94, wakaniambia nirudi siku zingine mbili na ikawa hapo hapo tu. Daktari akasema hataniwekea dawa saa hii, nipunguze chumvi, nianze mazoezi, halafu nirudi baada ya miezi mitatu aone. Sasa mamangu mzazi alipata kiharusi akiwa na miaka 52 na mimi ndio nilikuwa namgeuza kitandani usiku na mchana, kwa hivyo hii kitu siwezi nikaiachilia hivi hivi.

Nikaamua nitakimbia. Jumatatu nikaamka saa kumi na moja, nikavaa raba za kijana wangu wa form two nikatoka mbio nikielekea upande wa Mamboleo. Aki sikufika mbali, labda mita mia tatu, kifua ikaanza kuchoma, mdomo ukakauka, macho yakaingia giza kidogo nikakaa kwa ukingo wa mtaro. Watu wa boda wawili wakasimama wakaniuliza mama umeibiwa? Jumatano nikajaribu tena, ikawa hivyo hivyo, na sasa ugoko zote mbili zinauma nikishuka ngazi.

Swali langu ni moja, mtu kama mimi anaweza kukimbia kweli ama hii ni ya wale mabingwa wa mbio wa Iten na Kapsabet? Na kama anaweza, anaanzia wapi?

ChumaYaNyalenda
Mama usikate tamaa, mwili ni kuulazimisha. Mimi nilianza na 5km siku ya kwanza, nikatapika, siku ya pili nikarudi. Bila maumivu hakuna kitu utapata. Songa tu.

SistaKakamega
ChumaYaNyalenda pole lakini hiyo usimwambie mtu wa presha 148. Mimi ni muuguzi, miaka 14 sasa, na naomba niseme haya mapema kabla watu hawajamjaza maneno.

MamaWaMigosi dada yangu, kwanza hongera kwa kupimwa ju wengi hapa wanatembea na presha hawajui. Mazoezi kwa namba zako ni dawa kweli, mtu wa presha akifanya mazoezi ya kuhema kidogo mara kwa mara ile namba ya juu inaweza kushuka kama 5 hadi 8 hivi, na hiyo si kidogo. Lakini macho kuingia giza na kifua kuchoma sijapenda. Inaweza kuwa ni ju ulitoka mbio kutoka kitandani bila kupasha mwili moto, bila maji, lakini mimi siwezi kujua nikiwa hapa, kwa hivyo kabla ya kukimbia tena rudi kwa huyo daktari umwambie vile umetuambia, na umwambie na ya mamako, wakupime moyo. Siku hizo unangoja, tembea tu. Na siku yoyote ukihisi kifua kimebana ama uchungu unaenda kwa mkono au taya, moyo unaruka ruka, kizunguzungu, simama na uende hospitali hiyo saa, usiseme acha nimalize raundi.

Usione kutembea ni aibu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Dakika 30 mara tano, umefika.

MwalimuWaLanet
Mama shikamoo kwa moyo huo. Nimefundisha michezo hapa Nakuru miaka mingi kabla nistaafu na nimeona watu wazima wengi wakianza na wakiacha, na karibu wote waliacha kwa sababu moja, walikimbia kwa kasi. Si uzito, si umri, wala si ati hawakuzaliwa Iten. Wewe hukushindwa kukimbia mama, ulikimbia mbio za mtoto anafukuzwa na mbwa, na hizo hakuna mtu anaweza kuzimaliza, hata yule bingwa ukimwambia atoke kitandani akimbie na nguvu zake zote atasimama mahali.

Daktari akikuruhusu fanya hivi. Wiki mbili za kwanza usikimbie kabisa, tembea kwa haraka dakika 30, siku nne kwa wiki, mpaka ugoko ipoe. Wiki ya tatu, tembea dakika 5 za kupasha mwili, halafu jogi dakika moja, tembea dakika mbili, jogi moja, tembea mbili, mara nane, malizia na kutembea dakika 5. Siku tatu kwa wiki na katikati kuwe na siku ya kupumzika, Jumatatu, Jumatano, Jumamosi hivi. Wiki inayofuata jogi dakika moja na nusu. Ukiona wiki imekuwa ngumu irudie, hakuna mtu anakufukuza, kuna watu wanafika dakika 30 bila kusimama kwa wiki tisa na kuna wengine wanachukua miezi mitano na wote wamefika.

Sasa hiyo jogi. Naomba uelewe hapa ju ndio siri yote. Wewe unaishi mahali watu wanasalimiana. Ukipita mtu barabarani msalimie, na si ile ya "sasa", salamu kamili, "habari ya asubuhi mama, mmeamkaje huko kwenu, watoto wazima?" Kama umeimaliza bila kuikata katikati kutafuta hewa, hiyo ndiyo kasi yako. Kama imekatika kwa "mmeamka...", uko juu sana, punguza, hata ikibidi mtu anayetembea akupite. Hatua fupi fupi, miguu haiinuki sana, mabega yamelala, mikono usikunje ngumi.

Na ugoko kuuma, mapafu na moyo vinazoea haraka kuliko mifupa na kano. Ukikimbia kila hatua mguu unabeba kama mara mbili hadi tatu ya uzito wako, kwako hiyo ni zaidi ya kilo 180 kila ukikanyaga. Ndio maana nimesema polepole.

ChumaYaNyalenda
Sista na Mwalimu mko sawa, sikuwa nimesoma vizuri hiyo ya kiharusi. Samahani mama.

Kiprono_wa_huko_juu
Mimi nakaa Iten na nimekuwa pacemaker, yaani yule anakimbia mbele kuwashikia wengine kasi, miaka kadhaa, nataka kuongezea Mwalimu ju watu wakisikia Iten wanafikiria hapa watu wanaamka wakikimbia kama mshale. Kuja siku moja ya jogi rahisi uone, kundi linaanza polepole mpaka mgeni anaweza kukaa nalo mwanzoni, wanaongea, wanacheka, kilomita ya kwanza ni kama kutembea. Kipchoge pale Vienna 2019 alikimbia marathoni kwa saa moja dakika 59 na sekunde 40, yaani kila kilomita kama dakika 2 na sekunde 50, lakini hiyo ni siku moja na kabla yake kuna miezi mingi ya asubuhi za polepole kwa kambi yao ya mazoezi Kaptagat. Watu wanaona tu hiyo siku.

Na tena madam wewe uko na bahati, Kisumu ni kama mita 1,130 juu ya bahari, hapa tuko 2,400. Hewa yako ni nzito kuliko yetu, kupumua ni rahisi. Shida yako itakuwa jua na ule unyevu wa ziwa, kwa hivyo saa mbili asubuhi uwe ushamaliza, kunywa maji ukiamka, ndizi moja inatosha, usikimbie na tumbo imejaa ugali.

BabaLao_58
Mimi hii ya ugoko naijua. Nilianza 2022 hapa Nakuru, Section 58, nikawa nakimbia kila siku ju nilikuwa na kamati ya harusi ya kakangu na nilitaka suti iingie. Wiki ya tatu ugoko wa kushoto ukaanza, nikapaka dawa ya kuchua nikaendelea. Ilifika mahali ukibonyeza na kidole sehemu moja ndogo tu kama shilingi, naruka. Picha ikaonyesha mfupa umepata ufa. Wiki sita bila mbio, na harusi nilienda nikichechemea. Mama ukibonyeza ugoko na uchungu umetandaa kote, pumzika itapoa. Huo uchungu ukiwa umekaa sehemu moja ndogo tu, ama unauma hata ukiwa umelala, usingoje kama mimi.

RabaKibuye
Hakuna mtu ameuliza viatu?? Mama rudisha hizo raba za kijana. Mimi nauza mitumba Kibuye na nitakwambia vile mimi mwenyewe huwa nachagulia mke wangu.

Kuja Jumapili, na ukuje jioni kidogo ju mguu hufura mchana, kiatu ikikuingia vizuri asubuhi jioni inaweza kukufinya. Kwanza weka kiatu kwa meza, angalia kutoka nyuma kwa kisigino. Kama kimeinama upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikimaliza, rudisha. Pili, bonyeza soli kwa ubavu na kidole gumba. Ile sponji nyeupe inafaa kubonyea kidogo na kurudi, ikiwa ngumu kama ubao imekufa hata kama juu kinang'aa, na nyingi tunasugua na brashi ziking'aa nakwambia ukweli. Tatu, kikunje. Kikunjikie hapa mbele penye vidole hujikunja, si katikati. Nne, toa kile kisoli cha ndani unuse, ukisikia gundi kali kimebandikwa juzi. Ukivaa, mbele ya kidole kirefu kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na kisigino kisitoke ukitembea. Usinunue kwa ju ya jina, kuna Asics na Saucony nzuri na kuna zenye zimekufa. Zile za soli tambarare za kupiga luku usiguse, hizo ni za kutembea town.

Hii yote fanya kwa mtu yeyote unanunua kwake, si lazima mimi. Mwambie muuzaji unataka kukimbia nazo akupe nafasi utembee hatua ishirini, akikataa enda kwa mwingine.

NyarDunga
Wanaume wameongea vizuri lakini kuna ya kina mama. Sidiria ya mazoezi, ile inakaza, hata mtumba ni sawa, ju hiyo ya kawaida itakuumiza na utajiona vibaya bure. Mapaja yakisugana paka mafuta ya mgando kabla utoke, usipopaka utakuja kulia ukioga. Na saa kumi na moja mama ni giza, usitoke peke yako hiyo saa na simu mkononi. Kuanzia kumi na mbili na nusu kumekucha na barabara iko na watu wa soko na watoto wa shule. Kimbia ukiangalia magari yakija, si yakikutoka nyuma. Mbwa ikikujia simama, usigeuke kukimbia, iangalie na upaze sauti, nyingi hurudi.

Watasema maneno kwa stage, mimi niliambiwa "mathe pole pole utaanguka" mwezi mzima. Sikuwajibu. Mwezi wa pili wakaanza kunisalimia.

Mimi hukimbia Jumamosi barabara ya kuteremka Dunga, kumepoa na kuna miti. Ukitaka tuwe wawili nitumie ujumbe.

MamaWaMigosi
Nimesoma zote mara mbili, moja nikiwa kwa duka na moja usiku. Erokamano sana, Mungu awabariki. Nilikuwa nafikiria nitaambiwa nikae nyumbani. Narudi kwa daktari Ijumaa, raba nimerudisha kwa mwenyewe. Mwalimu nimeandika hiyo ratiba nyuma ya kalenda ya jikoni.

MamaWaMigosi (wiki kumi na moja baadaye)
Najua uzi umelala lakini lazima nirudi. Walinipima moyo nikaambiwa uko sawa, nianze polepole. Nilitembea wiki tatu badala ya mbili ju ugoko ilichelewa kupoa. Viatu nilipata Kibuye, nilibonyeza na kunusa hadi yule kijana akaniuliza kama mimi ni fundi. Wiki ya jogi ya dakika mbili niliirudia mara tatu, mtoto aliugua nikakosa siku nne, nikarudi nyuma kidogo nikaendelea. NyarDunga tumekuwa pamoja Jumamosi sita sasa, alinifundisha kupumua nikipanda pale penye kilima.

Saa hii nafanya dakika nane jogi, mbili kutembea, mara tatu. Kilo zimepungua tatu tu, nilitarajia zaidi, lakini jana nimepimwa presha ni 136 kwa 87. Daktari amesema niendelee hivyo hivyo na nirudi tena mwezi wa tano.

Mwalimu leo asubuhi nilikuwa dakika ya saba, yule mama wa mandazi wa kona alikuwa anawasha jiko, nikamwambia habari ya asubuhi mama, mmeamkaje, na yule msichana alirudi shule? Yote, bila kukata. Akasimama na mwiko mkononi akaniambia tumeamka salama, alirudi jana. Nilikuwa nimeshapita nikamsikia nyuma.

Swali sasa, mvua ikianza nikimbie ama nitembee? Ile njia ya kwetu ikilowa inateleza.

MwalimuWaLanet
Tembea kwa matope, kimbia kwa lami. Na wiki hii usiongeze kitu mama, baki na hizo nane.